Timu ya kitaifa, timu ya eneo au Legion: kijana anayelenga chuo acheze besiboli wapi kiangazi?

Mzazi aliyesoma Tanzania anaijua UMISSETA. Aliyesoma Kenya, Uganda au Rwanda amesikia habari za FEASSSA. Kote huko kijana mwenye kipaji huonekana akiwa amevaa jezi ya shule yake. Ndiyo maana wengi wetu tuliohamia Marekani hushangaa tukiambiwa kwamba kijana anayeng'ara kwenye timu ya besiboli ya shule bado hajaonekana na mtu, na kwamba vyuo vitamwona kiangazi, akiwa na timu nyingine kabisa, ya kulipia na ya kusafiri nayo.

Sababu ni kalenda. Ligi za shule huchezwa kuanzia Februari au Machi hadi Mei, na miezi hiyohiyo makocha wa vyuo wamo kwenye msimu wao, unaoanza katikati ya Februari na kumalizikia Omaha, Nebraska, mwezi Juni kwa timu zinazofika mwisho. Kocha aliye kwenye benchi lake hawezi papo hapo kusimama kwenye uzio wa shule ya mwanao. Nafasi ya kuzunguka anaipata Juni, Julai na majira ya vuli, na akizunguka huenda mahali atakapoona vijana wengi kwa siku moja.

Hapa Georgia, kaskazini mwa Atlanta, Wakenya ni wengi na Watanzania na Wakongo hawakosekani. Wazazi wanaouliza kuhusu timu hizi ni watu ambao hawajawahi kushika gongo la besiboli. Mimi pia sikukulia kwenye mchezo huu. Nimeujifunzia nyuma ya uzio, nikimfuata kijana wangu. Familia nyingi hukutana na njia tatu: timu ya kitaifa, yaani klabu ya kulipia inayozunguka majimbo (si timu ya taifa ya Marekani), timu ya eneo inayocheza karibu na nyumbani, na American Legion, ambayo watu wetu wengi hawajaisikia kabisa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa vijana walio wengi, timu ya eneo yenye kocha anayeaminiwa na vyuo, ikiongezewa kambi mbili tatu za vyuo mlivyovichagua wenyewe, ni bora kuliko timu ya kitaifa yenye jina kubwa. Wapo wanaostahili njia ya kitaifa, nitawataja, ila ni wachache kuliko jezi zinazouzwa.

Kwanza ngazi ya chuo, ndipo timu

Kwa hesabu za NCAA yenyewe, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, katika kila wachezaji 100 wa besiboli wa sekondari, 7 hivi ndio wanaofika kucheza kwenye vyuo vya shirika hilo. Wanaofika D1, ngazi ya juu, ni 2 hivi. Mzazi akizishika namba hizi mbili kichwani, maneno mengi atakayoambiwa kwenye majaribio ya timu atayapima vizuri zaidi.

Nafasi za D1 zenyewe zimebana. Zamani chuo kilikuwa na skolashipu 11.7 za kugawia kikosi kizima, kwa hiyo kijana aliyeitwa wa skolashipu mara nyingi alilipiwa sehemu tu ya gharama. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi inayojulikana kwa jina la House, na vyuo vilivyojiunga nayo havina tena kikomo hicho cha skolashipu, ila kikosi chao hakiruhusiwi kuzidi wachezaji 34. Halafu kuna wanaohama chuo kimoja kwenda kingine. Kocha huwapenda kwa sababu wameshakomaa mwili na ameshawaona wakicheza na wakubwa wenzao. Na tangu 2021 MLB, ligi kuu ya kulipwa, inachagua wachezaji kwa raundi 20 badala ya 40 za zamani, kwa hiyo vijana ambao wangekwenda moja kwa moja kwenye ligi za kulipwa sasa wanaingia vyuoni. Mwanao wa miaka 17 anagombea nafasi moja na mwanamume wa miaka 22.

D2, ngazi ya pili, inaruhusiwa skolashipu 9 kwa timu. D3, ngazi ya tatu, haitoi skolashipu ya michezo hata moja, na hapa naomba wazazi wenzangu tusikilize kwa makini, maana wengi tukisikia "hakuna skolashipu" tunakata simu. Vyuo vingi vya D3 vina fungu kubwa la msaada linalotolewa kwa kuangalia kipato cha familia na alama za mtoto. Familia ya kipato cha kawaida yenye mtoto anayefaulu vizuri inaweza kujikuta inalipa kidogo zaidi Emory, ambayo ni D3 hapahapa Atlanta, kuliko D1 iliyompa robo ya skolashipu. Vyuo vya Ivy League, kama Harvard na Yale, viko D1, navyo havitoi skolashipu ya michezo. Msaada wao ni wa kipato. Wenye grini kadi na waliopokelewa rasmi kama wakimbizi wanajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, sawa na raia. Kwa hiyo alama za darasani ni fedha, na timu ya kiangazi inayomkosesha kijana usingizi na vitabu inakula fedha hiyo.

Kuna pia vyuo vya jamii vya miaka miwili. Wazazi wetu huviona kama kushindwa, na mimi siviangalii hivyo. Albert Pujols alihamia Missouri kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa kijana, akacheza sekondari huko, akapita chuo cha jamii cha Maple Woods, Kansas City, na Cardinals, timu ya MLB ya St. Louis, walimchukua kwenye raundi ya 13 mwaka 1999. Mtoto wa wahamiaji aliyechelewa kuonekana alipata mahali pa kucheza kila siku, na hilo ndilo alilohitaji.

Sasa, kijana wako yuko ngazi ipi leo? Besiboli ina bahati ya kupimika. Mrushaji wa mkono wa kulia anayefuatwa na D1 kwa kawaida anarusha maili 88 kwa saa kwenda juu. Mchezaji wa ndani au wa nje hukimbia yadi 60, kama mita 55, kwa sekunde 7 au pungufu. Mdakaji huufikisha mpira besi ya pili kwa sekunde 2 hivi tangu ulipogusa glovu yake. Kijana wa maili 80 ana mahali pake na bado anakua, lakini kwa leo mahali hapo ni D3 au chuo cha jamii, na timu ichaguliwe kwa kuangalia leo hiyo. Apimwe na mtu asiyemuuzia kitu: kocha wa shule mkweli, au siku ya vipimo ya kulipia mara moja, ambayo hailazimishi kujiunga na timu yoyote.

Timu ya kitaifa

Ulimwengu huu ulijengwa na makampuni ya mashindano. Perfect Game ilianzishwa Iowa mwaka 1993 na Jerry Ford. Mashindano yake ya WWBA, yanayochezwa kwa magongo ya mbao, huvuta timu za nchi nzima kuja hapa Georgia kila kiangazi, kwenye viwanja vya LakePoint huko Emerson, kando ya barabara ya I-75, na viwanja vingine vya jirani. Oktoba ni zamu ya Jupiter, Florida. Prep Baseball, iliyoanzia Illinois mwaka 2005, ina mtandao wake wa vipimo na mashindano. Mtu asikudanganye kwamba makocha hawaendi. Wanakwenda, tena kwa wingi.

Simama nyuma ya uzio wa LakePoint saa mbili asubuhi mwezi Julai utazame jinsi wanavyotazama. Makocha wamekaa kwenye viti vya kukunja, fulana zina nembo za vyuo, kila mmoja ana rada ya kupima kasi ya mpira mkononi. Mrushaji anapoinua mguu, rada zote zinainuka kwa pamoja. Mpira ukitua, zinashuka, vichwa vinainama, namba zinaandikwa. Mirusho minane, kumi, na nusu ya viti vimeshakunjwa: kuna mrushaji mwingine anaanza uwanja wa tatu, na jina lake liko kwenye karatasi. Kijana aliyesimama kona ya kulia ya uwanja, ambaye wazazi wake wameendesha gari kutoka Ohio usiku kucha, hajaguswa na mpira hata mmoja. Watazamaji walikuwepo, ila hakuna aliyemtazama.

Hapo ndipo penye siri yote. Kocha wa chuo hufika Emerson akiwa na orodha. Majina ameyapata kwa simu za makocha anaowaamini, kwa video, kwa barua pepe za vijana wenyewe, kwa vipimo. Uwanjani anakuja kuhakikisha. Kijana asiye kwenye orodha ya mtu anaweza kucheza mashindano manne makubwa na arudi nyumbani bila kujulikana jina.

Kwa hiyo timu ya kitaifa inamfaa nani? Kijana ambaye vipimo vyake tayari viko kwenye ngazi ya D1, ambaye makocha wa D1 wameanza kuuliza habari zake, na ambaye ataanza kwenye kikosi. Huyo anahitaji kukutana na warushaji wa maili 90 kila wikendi ili aonekane anawamudu, na timu ya eneo haiwezi kumpa hilo. Kwake hata wakati una maana. Makocha wa D1 hawaruhusiwi kumpigia simu wala kuzungumza naye kuhusu kujiunga kabla ya Agosti 1 inayotangulia darasa la 11, lakini wanaruhusiwa kumtazama. Kiangazi baada ya darasa la 10 kinaweza kuamua mambo yake mengi, maana simu za Agosti 1 hupigwa kwa walioonekana Juni na Julai.

Jihadhari na jezi. Klabu kubwa zinaweza kuwa na timu tatu, nne, hata zaidi za umri mmoja, zote zimevaa rangi zilezile. Moja ndiyo inayopelekwa mashindano makubwa na kupewa uwanja mzuri kwa saa nzuri. Nyingine zinabeba jina na kulipa ada. Mzazi akiambiwa "umechaguliwa", aulize amechaguliwa kwenye timu gani hasa, nani anaifundisha, na kiangazi kilichopita timu hiyo, kwa jina lake kamili, ilicheza wapi.

Na gharama. Tuseme ada ni dola 3,500. Tuseme kuna safari tano, kila moja usiku nne, hoteli dola 170 kwa usiku: hiyo ni 3,400 nyingine. Mashindano mengi hulazimisha timu kulala kwenye hoteli za orodha yao, kwa hiyo kulala kwa shangazi hakuruhusiwi hata kama yuko dakika kumi kutoka uwanjani. Weka mafuta, chakula, viingilio vya kila siku kwa kila mzazi, gongo jipya. Kwa mzazi anayelipwa kwa saa, weka pia Alhamisi na Ijumaa ambazo hakuingia kazini. Unapita dola 8,000 kwa kiangazi kimoja kabla hujamnunulia mdogo wake aiskrimu. Wazazi wetu wana moyo wa kujinyima kwa ajili ya mtoto, na moyo huo unajulikana sokoni. Dola 8,000 ni muhula wa chuo cha jamii na chenji inabaki.

Timu ya eneo

Timu ya eneo hucheza ndani ya mwendo wa saa mbili tatu kwa gari. Kikosi kizuri kina wachezaji 14 hadi 16. Ada ni pungufu, na usiku mwingi mnalala nyumbani. Sisi wa Georgia tuna bahati ya ziada: timu za hapa huweza kucheza LakePoint bila kulipa hoteli hata usiku mmoja.

Faida yake ya kwanza ni kwamba kijana anacheza. Wazazi hulidharau hili kwa sababu linaonekana dogo. Timu yenye watu 22 ina watu 13 wasio uwanjani kila dakika ya mchezo. Hata ukiondoa warushaji wanaosubiri zamu, bado kuna vijana wanaopata kugonga mara tatu au nne kwa wikendi nzima. Kwenye kikosi cha 14 kijana huyohuyo anagonga mara kumi au zaidi. Kwa kiangazi kizima tofauti hiyo ni mamia ya mipira iliyotazamwa kwa makini, na kijana wa miaka 16 hakui kwa kukaa benchi akiwa na begi zuri.

Faida ya pili ni simu. Kocha bora wa timu ya eneo ni mtu aliyecheza au kufundisha chuo, anayewajua makocha wa Kennesaw State, Mercer, North Georgia, Berry au Oglethorpe, na ambaye akisema "huyu anakufaa" anaaminiwa kwa sababu hajawahi kuwapelekea mtu asiyefaa. Na akisema "huyu bado" anaaminiwa vilevile. Mtu wa aina hiyo ana thamani kuliko mashindano matatu ya kitaifa. Kumtambua si kazi ngumu. Muulize vijana wa miaka miwili iliyopita wamekwenda wapi, wote, pamoja na wale ambao hawakupata chuo cha kuchezea. Anayewajua vijana wake atakujibu mmoja mmoja, huyu yuko wapi na yule aliacha kwa nini. Anayeuza jezi atakutajia wawili walioenda vyuo vikubwa kisha abadilishe mazungumzo. Uliza pia kama hao wawili walikuzwa kwenye timu hiyo au waliazimwa wikendi moja tu, maana klabu nyingine huhesabu hata hao.

Kinachoifanya njia hii iwe na nguvu ni kambi za vyuo. Chuo chenyewe huitisha vijana siku moja au mbili, makocha wake wakawafundisha na kuwapima kwenye uwanja wao. Kocha anamwona kijana kwa saa sita: anavyosikiliza, anavyorudia kosa au kulirekebisha, anavyookota mipira bila kuambiwa. Uwanja wa mashindano haumpi hayo. Lakini kambi pia ni biashara ya chuo, na mwaliko wa kambi unaweza kuwa barua iliyotumwa kwa maelfu. Isome vizuri. Ikiwa inataja mechi ambayo mwanao alicheza, nafasi anayocheza au video aliyotuma, kuna mtu amemtazama. Ikiwa imeandikwa kwa maneno ambayo yangemfaa mtu yeyote, basi ni tangazo.

Na barua ya kwanza aandike kijana mwenyewe. Nimewaona baba na mama zetu, kwa upendo, wakiandika wao: "Mwanangu ni mchezaji mzuri sana na mwenye adabu." Kocha anataka kumsikia kijana. Mistari michache inatosha: jina, mwaka wa kuhitimu, nafasi, vipimo, alama za shule, kiungo cha video fupi ya dakika mbili, na ratiba ya kiangazi yenye namba ya uwanja na saa. Ratiba ndiyo inayomwingiza kijana kwenye ile orodha niliyoitaja. Aiandike tena wiki moja kabla ya kila mashindano. Kijana wa timu ya eneo anayefanya hivi kwa vyuo 20 vinavyomfaa atatazamwa na makocha wengi kuliko wa timu ya kitaifa anayengoja kugunduliwa.

Udhaifu wa timu ya eneo upo. Ushindani hauwi sawa kila wiki. Kuna wikendi mtakutana na mrushaji wa maili 76 na kijana atagonga mpira mpaka ajione mfalme. Baadhi ya timu zinaendeshwa na baba wa mchezaji, na mwanawe ndiye anayecheza kati ya besi ya pili na ya tatu, iwe jua iwe mvua. Jambo hilo litazame kabla ya kulipa: nenda kwenye mechi yao moja ya vuli, ukae kimya, uangalie nani anatolewa akikosea.

American Legion

Legion ni besiboli ya chama cha maveterani wa vita. Ilianzia Milbank, South Dakota, mwaka 1925, na fainali zake za taifa huchezwa Shelby, North Carolina, kila Agosti. Wachezaji ni wa miaka 19 kushuka, timu hukusanywa kutoka shule za sehemu moja, na kwa kuwa tawi la maveterani au biashara za mjini huchangia, ada huwa ndogo sana ukilinganisha na hizo nyingine.

Ubora wake unategemea mnapoishi. Minnesota, Nebraska, Dakota zote mbili na Montana ina mizizi. Montana haikuwa hata na besiboli ya shule za sekondari hadi 2023, kwa hiyo kwa miaka mingi Legion ndiyo ilikuwa besiboli yenyewe. Familia za Kiswahili zilizoko Minneapolis, Fargo au Sioux Falls ziiangalie kwa uzito wote. Huku Kusini, timu za kusafiri zimechukua nafasi yake sehemu nyingi.

Kijana wa miaka 16 anayecheza Legion hukutana na wa miaka 19 aliyerudi kutoka mwaka wake wa kwanza chuoni. Hilo ni somo zuri. Makocha wa vyuo vya jamii, D2 na D3 vya jirani huzijua timu hizi. Makocha wa D1 kubwa hawatakuja, na kijana anayewalenga hao asiifanye Legion kuwa njia yake pekee. Kwa familia ambayo ada ya dola elfu tatu ingemaanisha kukopa kodi ya nyumba, Legion pamoja na kambi mbili za vyuo ni mpango kamili usio na aibu yoyote, na ningeuchagua kabla ya kuingia deni.

Mrushaji ana hesabu zake

Kama mwanao ni mrushaji, weka kando yote niliyosema hadi umepata jibu la swali moja: nani anahesabu mirusho yake?

MLB na USA Baseball, chama cha besiboli cha Marekani, walitoa mwaka 2014 mwongozo wa Pitch Smart wa kulinda mikono ya warushaji vijana. Kijana wa miaka 15 au 16 asizidi mirusho 95 kwa siku. Wa 17 au 18, 105. Wa miaka 15 au 16 akifika 76, apumzike siku 4. Akiwa kati ya 31 na 45, apumzike siku moja. Kwa mwaka mzima asizidi iningi (vipindi vya mchezo) 100 za mechi, na apate angalau miezi 4 bila kurusha, miwili au mitatu kati yake ikifuatana. Akitoka kurusha asiende kudaka mechi hiyohiyo.

Sababu ni kano ya ndani ya kiwiko. Ikichanika, kijana hufanyiwa upasuaji alioubuni daktari Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John, na kurudi uwanjani huchukua mwaka au zaidi. Utafiti uliofanywa Birmingham, Alabama, na kuchapishwa 2006, uliwalinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji wa mkono na wasiofanyiwa. Waliorusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka walikuwa na uwezekano mara 5 wa kuishia kwa daktari. Waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka, mara 36.

Shule zina sheria. Tangu 2017 karibu kila jimbo limetakiwa kuwa na kikomo cha mirusho. Tatizo ni kwamba shule huhesabu ya shule, na timu ya kiangazi huhesabu ya kwake. Ijumaa kijana anarusha 60 kwa timu yake, Jumapili timu nyingine iliyokosa mtu inamwazima, na kila kocha anaapa hajavunja mwongozo. Mkono ni mmoja. Timu ya kitaifa inaweza kumlinda vizuri kwa sababu ina warushaji kumi na zaidi. Wengi wao hurusha iningi mbili tatu tu kwa wikendi. Hapo inaishinda timu ya eneo yenye warushaji watano na mechi tano. Upande wa pili, mbele ya rada thelathini kijana hujikamua atoe maili moja zaidi, hata siku ambayo bega limemwambia asifanye hivyo.

Kuna mama mmoja Mtanzania, muuguzi, ambaye hukaa nyuma ya wavu na kihesabio kidogo cha kubonyeza kidoleni. Kila mrusho anabonyeza, hata ile ya kupasha mwili anaiandika pembeni. Ikifika 75 anasimama wima mahali kocha atakapomwona. Hasemi neno. Kocha wa kwanza aliyemkuta alichukizwa. Wa sasa humuuliza mwenyewe, "Mama, tumefika ngapi?" Huyo wa pili ndiye kocha wa kumpa mtoto, awe wa kitaifa, wa eneo au wa Legion.

Nikiziweka pamoja

Baada ya darasa la 9, sioni sababu ya timu ya kitaifa kwa karibu kijana yeyote. Acheze eneo au Legion, anenepe, ale, anyanyue vyuma chini ya mtu anayejua, apande kimo. Baada ya darasa la 10, vipimo viamue: aliye kwenye ngazi ya D1 na atakayeanza kwenye kikosi aende kitaifa, na aliye chini yake abaki timu ya eneo na aanze kuandika barua. Baada ya darasa la 11 ndicho kiangazi kikubwa kwa D2, D3 na vyuo vya jamii, na hapo hata familia yenye fedha ningeishauri izihamishie kwenye kambi za vyuo vitano vilivyomjibu. Kwa kijana mwenye alama za juu sana kuna kambi za wanafunzi bora, kama Headfirst Honor Roll, ambako makocha wa vyuo vigumu kuingia huja kufundisha wenyewe. Moja tu inaweza kumfaa kuliko ada ya msimu mzima.

Mdakaji mzuri nitampa ruhusa ya kutofuata mpango huu. Wadakaji ni wachache, timu za kitaifa huwatafuta, na baadhi humpunguzia ada anayehitajika kweli. Mzazi wa mdakaji aombe punguzo bila haya.

Majaribio ya kiangazi kijacho hufanyika Agosti na Septemba, na timu nyingi hutaka jibu ndani ya siku mbili pamoja na malipo ya awali yasiyorudishwa. Omba wiki. Kocha anayemhitaji mwanao ataitoa. Wiki hiyo itumie kuwapigia wazazi wawili ambao vijana wao waliondoka kwenye timu hiyo mwaka jana. Namba zao uzitafute mwenyewe, usipokee za kupewa na kocha. Kisha soma mkataba pale unapozungumzia jeraha: kijana akiumia Mei, ada ya Juni na Julai inarudishwa, inahamishiwa mwaka ujao, au inapotea? Kama hakuna sentensi inayojibu, iombe iandikwe kabla ya kutia sahihi.